Pai za Dodo Chini ya Kilima cha Lubaga

Wiki niliyoaga jikoni pale Ntinda, ninyi mliobaki na trei zangu mliniomba niwaandikie jinsi ya kutengeneza pai za majani. Nilidhani ni kazi ya ukurasa mmoja. Nikaanza, "Chuma mnavu kabla haujatoa maua," nikakwama hapo, maana kila nikiandika neno mnavu ananijia mwanamke mmoja Mkongo, mikono imejaa unga hadi viwiko, akiniuliza kama nilichomletea ni chakula au ni takataka. Basi nitaandika vyote pamoja. Mtakaotaka mapishi tu, yachambueni humo. Habari za vyeo na mishahara nitaziacha. Vyeo vyenyewe vilikuwa vichache, na mishahara hamhitaji kusimuliwa, mnaipokea wenyewe.

Mimi ni mtoto wa kota za polisi. Baba alikuwa sajenti, Mwislamu wa upande wa Arua. Mama alikuwa Mkatoliki na alikufa Mkatoliki, na mimi Asina nilikulia katikati yao, Ijumaa huku na Jumapili kule. Kwenye kota kila nyumba ilikuwa na lugha yake ndani, lakini nje, bombani na uwanjani, wote tulisema Kiswahili. Kilikuwa Kiswahili cha kupeana amri na kuombana chumvi. Hiki ninachowaandikia nimekisafisha baadaye kwa kusoma.

Nilianza kazi katika duka la mikate la Bwana Ratilal, chini ya kilima cha Lubaga, kwenye njia ya kushukia Natete. Wanajeshi walikuwa wameshashika serikali, lakini mikate ilikuwa bado mikate. Bwana Ratilal alinitazama mara moja, akasema, "Nenda kwa Mama Furaha," akarudi kwenye gazeti lake. Hayo ndiyo yalikuwa mafunzo yangu yote kutoka kwa mwenye duka.

Mama Furaha alikuwa amekuja Kampala kutoka upande wa Beni, akikimbia vita vya kwao, akiwa amemshika mkono binti yake Furaha, msichana wa miaka kumi, na sufuria kichwani. Wakati ninaousimulia, Furaha alikuwa ameshaolewa na anaishi nyuma ya soko. Mama Furaha alikuwa mfupi, mpana, na alisema Kiswahili cha Kongo ambacho mwanzoni nilikielewa nusu tu.

"Weye unatoka wapi?" aliniuliza.

"Kota za polisi, Ntinda."

"Basi unajua kutii. Kamata kikapu. Kwenda kando ya reli, lete majani."

"Majani gani, mama?"

"Ya kula."

Nilikwenda. Kando ya reli kulikuwa na majani mengi kuliko watu wa Kampala, na yote yalikuwa ya kijani. Nilichuma yaliyonipendeza. Niliporudi, alimwaga kikapu mezani akaanza kutenga.

"Hii ya sungura. Hii ya mbuzi. Hii ya mbuzi mwenye njaa." Akafikia jani pana lenye kingo zilizochongoka na ua jeupe refu kama tarumbeta, akalishika kwa ncha za vidole. "Na hii ya kuharibu batu vichwa. Mzee Kasule, kuya ona mutoto alileta nini."

Mzee Kasule alikuwa mwangalizi wa tanuri, Muganda mwenye mvi na subira nyingi. Alichungulia, akaniita kwa heshima ya Kiganda, akasema, "Hayo ni maduudu, nyabo. Mtu akiyala anaongea na watu wasiokuwepo. Jilani yangu mmoja alisalimiana na mgomba mchana kutwa." Kisha akarudi kwa moto wake, kana kwamba ameniambia ni saa ngapi.

Katika kikapu kizima yalibaki majani ya kujaza kiganja. Hiyo ndiyo siku yangu ya kwanza.

Kilichonichanganya zaidi mwanzoni kilikuwa majina. Mmea mmoja, Mzee Kasule aliuita dodo, Mama Furaha lengalenga, Bwana Ratilal bhaji, na mimi shuleni niliufahamu kama mchicha. Mtu akisema "lete dodo," mwingine anajibu "lengalenga zimekwisha," wa tatu anasema "bhaji iko tele," na wote wanazungumzia rundo lile lile lililo mbele yao. Nikajifunza kutojali jina. Tazama jani, livunje, linuse, angalia shina. Ninyi wengi mnanunua majani yaliyofungwa vizuri sokoni, lakini fanyeni hivyo hivyo.

Sasa pai. Jambo la kwanza ni maji. Jani lina maji mengi kuliko mnavyodhani, na ukilitia bichi ndani ya unga, chini ya pai itakuwa uji. Dodo ikatwe, inyunyiziwe chumvi, iachwe ilegee, kisha ikamuliwe ndani ya kitambaa hadi mikono iume. Mnavu uchemshwe, maji yamwagwe, uchemshwe tena, maana una uchungu. Mgagani ulale kwenye maziwa ikiwa yapo. Vitunguu vikaangwe peke yake. Karanga zilizotwangwa ziingie mwisho ili zinywe maji yaliyobaki. Na mboga ipoe kabisa kabla ya kuwekwa juu ya unga, kwa sababu mboga ya moto huyeyusha mafuta ya unga, na unga ukishalegea haupati tena mikunjo yake. Mama Furaha alikuwa na kifimbo cha kusukumia cha mti wa mpera, chembamba upande mmoja kwa kutumika, na hakuruhusu mtu akiguse. Kingo alizibana kwa kidole gumba, si kwa uma. Uma, alisema, unatoboa.

Wakati ule pai za majani zilikuwa chache, za wale wasiokula nyama. Pai za nyama ndizo zilizokuwa biashara. Halafu Wahindi wakaamriwa waondoke nchini. Bwana Ratilal hakuamini, kisha akaamini, kisha asubuhi moja akaja akiwa amevaa koti lake la harusi, akatuzungukia mmoja mmoja, akampa Mama Furaha funguo. "Oka tu," alimwambia. "Wewe oka tu." Hatukumwona tena.

Mama Furaha alioka. Baada ya muda wakaja askari kuchukua funguo, na duka likawa la Kapteni mmoja. Jina lake sitalitaja. Alikuwa mrefu, mpole wa sauti, na alisimama mbele ya tanuri muda mrefu kabla ya kuuliza, "Hii mnaifungulia wapi?" Mzee Kasule akamwonyesha mlango wa tanuri. Kapteni akaitikia kwa kichwa, akaondoka.

Tangu hapo sikuelewa tena chochote, na nawaambieni kweli sikuwa peke yangu. Unga ulikuja gari zima, kisha haukuja kabisa. Tuliagizwa kufunga duka, na tulipofunga tukaulizwa kwa nini tumefunga. Nyama ikapotea sokoni, tukajaza pai zote majani. Afisa mmoja akaja akasema hicho ni chakula cha mbuzi na ni aibu kwa serikali. Wiki iliyofuata afisa yule yule akatuma dereva achukue trei mbili. Chumvi tulikuwa tukiitunza kama dawa. Badala yake Mama Furaha alitumia jivu la maganda ya ndizi, lililochujwa kwa maji, na wateja wakasema pai zimekuwa tamu zaidi. Mimi nilikuwa nikienda reli kila alfajiri, na sasa nilikuta wanawake wengine pale, wake za makarani na walimu, wakichuma bila kutazamana usoni.

Kisha wakaja kumchukua Mama Furaha.

Ilikuwa asubuhi, duka limejaa jua. Wanaume wawili wasiovaa sare waliingia kwa mlango wa nyuma. Mmoja akauliza, "Nani Mama wa majani?"

Mama Furaha alikuwa akisukuma unga. "Ni miye," alisema.

"Twende."

"Nivue aproni?"

Walitazamana, kama swali hilo hawakuwahi kuulizwa. Kisha mmoja akamshika mkono juu ya kiwiko, wakamtoa nje, wakamsukuma kwenye kiti cha nyuma cha gari. Hakupiga kelele. Alinitazama mimi, akautazama unga mezani, akanitazama tena. Gari likaondoka. Kila mtu Kampala alijua maana ya gari la namna ile: aliyechukuliwa nalo hakurudi. Mzee Kasule aliketi chini, pale pale kwenye majivu.

Tulibaki na unga uliosukumwa nusu na mboga iliyokwisha kupoa. Sikujua mtu afanye nini na kitu kama hicho. Tukivitupa, tumetupa chakula. Tukioka pai hizo, ni kama hakuna kilichotokea. Mwishowe tulizioka, na watu walikuja wakanunua.

Jioni nilimwambia baba. Alikuwa akisugua viatu vyake vya kazini. Alisikiliza hadi mwisho, akaendelea kusugua kiatu ambacho kilikuwa kimeshang'aa.

"Unaweza kuuliza mtu, baba?"

"Nikiuliza, watajua kuna anayeuliza."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo usiulize tena. Hata mimi."

Kwa Furaha Wakongo wenzake walikusanyika kusali. Huko nako mambo yalikuwa yamechanganyika. Mchungaji hakujua aombee marehemu au aombee mgonjwa. Wanawake walileta mkeka wa matanga, wakaukunja, wakaukunjua tena. Furaha aliniuliza mimi, kana kwamba mimi ndiye niliyejua, "Dada Asina, tulie ao tungoje?" Nilimwambia tungoje. Sikuwa na sababu yoyote ya kusema hivyo.

Siku chache baadaye koplo mmoja alikuja dukani na kikapu. Alikuwa mtu mzima, mwenye uso wa uchovu. Alisema kwa Kiswahili cha kambini, "Kapteni nataka majani."

"Majani gani, afande?"

"Ya pai."

"Pai tunazo hapa. Zimeiva."

"Hapana taka pai. Nataka majani."

Nilimjazia dodo na mnavu, tayari nimechemsha na kukamua, nimefunga kwenye kitambaa. Akakitia kikapuni, akaondoka. Alirudi baada ya siku mbili, na tena baada ya hapo. Mzee Kasule alikaa akifikiri mbele ya moto, halafu akasema, "Kapteni hajui hata kufungua tanuri. Majani hayo yanapikwa na mtu. Mtu huyo yuko hai." Tulikubaliana tusimwambie Furaha, tukiogopa kumpa tumaini la uongo. Kisha tukamwambia, tukaogopa zaidi.

Ndipo koplo akaja na maneno mapya. Alisimama mlangoni akajikumbusha, midomo ikisogea, kisha akasema, "Mama nasema, nataka madudu."

Kwanza nilisikia *Mama*. Basi kweli yuko hai. Halafu nikasikia lile neno la mwisho.

"Anataka nini?"

"Madudu. Madodo." Lilikuwa katikati ya hayo mawili, na kila alipolirudia lilisogea upande mwingine.

"Dodo ama maduudu?"

"Ndiyo," alisema koplo.

Nilimwomba asubiri nje. Mzee Kasule na mimi tulisimama nyuma ya magunia tukinong'ona. Kama ni dodo, ni mboga tu, na Kiswahili cha kambini kinaweka *ma* popote kinapopenda. Kama ni maduudu, basi Mama Furaha amekusudia kumharibu mtu kichwa, labda mlinzi, apate kutoroka. Nikipeleka dodo, nimemfungia mlango. Nikipeleka maduudu na yeye alitaka mboga, mlinzi yeyote Muganda atayatambua kwenye kikapu, na tutakufa sote. "Ama ni wadudu," alisema Mzee Kasule kwa dhati kabisa. "Huko kwao wanakula wadudu, hata sisi tunakula panzi." Nilimtazama. Hakuwa akifanya mzaha.

Nilitoka nje nikamwambia koplo, "Mwulize Mama, anataka kupika namna gani?" Nilidhani jibu litanionyesha njia. Nikamjazia dodo kama siku zote akaondoka.

Aliporudi alisema, "Mama nasema, hapana kupika."

Nawaambieni, nilihisi kama mimi ndiye niliyekula maduudu. Majani yasiyopikwa. Nani anaomba majani yasiyopikwa? Nilimtazama koplo machoni nikitafuta kama anajua kitu, na naye alikuwa akinitazama hivyo hivyo. Hapo nilielewa kwamba na yeye anaogopa, na sijui kwa nini jambo hilo lilinipa moyo.

Nilisema, "Afande, majani haya yana aina mbili. Moja inalisha, nyingine inadhuru mtu. Nikikosea mimi, aliyeyabeba ni wewe. Nipeleke nikasikie mwenyewe."

Alifikiri. Alitazama barabara. Kisha akafungua mlango wa gari, akasema, "Panda."

Nilichukua kikapu cha dodo mbichi. Mzee Kasule alinishika bega, akaachia. Tulikwenda hadi Kisugu, kwenye nyumba ya ghorofa moja yenye ua wa michongoma, iliyokuwa ya mtu mwingine kabla. Nilitegemea kusikia kilio. Nilichosikia ni kuku.

Nyuma ya nyumba, kivulini, Mama Furaha alikuwa ameketi kwenye kigoda, aproni yake ile ile mwilini, imefuliwa. Mbele yake, juu ya mkeka, alikuwa ameketi bibi mzee sana, mwembamba, miguu imenyooshwa mbele, ungo mtupu mapajani.

"Kumbe ulikuya," alisema Mama Furaha. Alisema kwa sauti ya mtu anayepokea trei. Ila mkono wake ulinishika gauni na haukuniachia.

Nilimwuliza kuhusu maduudu. Alinikodolea. "Maduudu? Niliomba lengalenga. Huyu koplo hakulijua hilo jina, nikamwambia basi, dodo."

"Na hapana kupika?"

"Unaleta majani yamepikwa, Asina. Yamekamuliwa. Huyu mama anataka kuchambua. Hana kazi ingine. Anakaa na ungo yake kutwa nzima, anangoja majani, yanafika yamekwisha kutengenezwa. Analia."

Huyo bibi alikuwa mama mzazi wa Kapteni. Mwanawe alimleta Kampala akae raha, na tangu afike alikataa chakula cha mjini, akadhoofika, hadi siku Kapteni alipomletea pai ya majani akaimaliza yote na kuuliza nani ameipika. Kapteni akawaambia watu wake wamlete mpishi. Wakamleta kwa njia waliyozoea kuleta watu.

Nilimsikia yule bibi akijisemea kwa Kilugbara, lugha ya baba; nikamsalimu, nikamwita Dede, kama tunavyowaita bibi zetu. Uso wake ulifunguka. Hakuwa amesikia lugha yake kwa mtu yeyote isipokuwa mwanawe, na mwanawe alikuwa hakai nyumbani. Aliniuliza mimi ni wa nani, babu yangu alilima wapi, mto gani. Huku akiuliza alikuwa ameshavuta kikapu, vidole vinachambua.

Mama Furaha alinisogezea kinywa sikioni. "Asina, nisaidie kujua kitu. Miye humu niko mufungwa ao niko mupishi? Chakula wananipa. Blanketi wananipa. Nikifika kwa geti, askari ananirudisha. Kapteni ananiita mama. Nilimwambia nataka kuenda kwangu, akacheka, akasema kwangu ni hapa. Sijue kama alicheka muzuri."

Nilitazama kule kwenye geti.

"Mwambie huyu mama," alisema. "Mwambie nataka kwangu."

Koplo alikuwa amesimama kwenye nguzo ya veranda. Sikujua kama anaelewa Kilugbara. Sikujua kama Dede akiambiwa atakasirika, au atamwambia mwanawe, wala mwanawe akiambiwa atafanya nini. Nilitazama mikono ya Mama Furaha, iliyokuwa imekunja aproni kama unga. Nikamwambia Dede.

Dede aliacha kuchambua. "Ana nyumba?" aliuliza.

"Anayo."

"Mwanangu aliniambia alimwomba, akakubali."

"Hakuombwa, Dede. Ana binti. Binti yake amekaa kwenye mkeka wa matanga."

Aliuweka ungo chini. Akamtazama Mama Furaha, ambaye hakuelewa neno na alikuwa akitutazama midomo. Kisha akasema, "Nitamwambia," akarudi kwenye majani yake. Koplo aliniita. Alinirudisha Lubaga, na mpaka leo sijui kama alielewa.

Baada ya hapo koplo hakuja. Kikapu hakikuja. Kila gari lililopunguza mwendo mbele ya duka lilitusimamisha na mikono hewani. Furaha alikuja kila siku, akasimama dirishani, akaondoka. Nilioka, na kila nilichotoa tanurini kilikuwa ama kimeungua ama kibichi.

Kisha asubuhi moja niliporudi kutoka reli niliwakuta wawili wanateremka taratibu upande wa pili wa barabara. Mama Furaha alikuwa mbele, na nyuma yake, ameshika ncha ya aproni yake kama mtoto, alikuwa Dede. Walikuwa wametembea kutoka Kisugu. Miguu ya Dede ilikuwa nyeupe kwa vumbi.

Mama Furaha aliingia, akanywa maji, akaomba na Dede apewe. Ndipo akatueleza. Gari lilikuja pale nyumbani, wanaume wasiovaa sare, wakamkuta Kapteni anakunywa chai. Wakamshika mkono juu ya kiwiko. Baada yao walinzi waliondoka mmoja mmoja, wakibeba redio, wakibeba godoro, hadi geti likabaki wazi.

"Alikuwa ameshamwambia?" niliuliza. "Dede alimwambia kuhusu wewe?"

"Sijue. Waliongea, lakini kwa luga yao."

"Na kwa nini umemleta?"

Mama Furaha alinitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini anafunga mlango wa tanuri. "Nimuache na nani?"

Furaha alikuja mbio. Alimkumbatia mama yake hadi unga ukaruka. Wakongo walisali tena, safari hii mchungaji alijua la kusema. Hata hivyo baadhi ya watu hawakutukaribia kwa siku nyingi. Hawakuwa wameona mtu akirudi, na mtu aliyerudi aliwatia hofu kuliko aliyepotea.

Dede alikaa nasi nyuma ya duka. Alichambua majani yote ya duka. Nimefanya kazi na wengi, na sijaona anayechambua namna ile. Hakuacha shina, hakuacha jani lenye tundu. Baba alipomwona alisimama wima kama mbele ya afisa, kisha akachuchumaa wakazungumza muda mrefu juu ya mito. Ni baba, ambaye hakutaka kuuliza, aliyeuliza sasa. Alipata lori la watu wa kwetu linalorudi kaskazini, dereva akiwa mtoto wa jirani wa zamani.

Asubuhi ya safari Dede alikuwa ameshafungiwa mzigo wake. Alikuwa akitutazama tunapanga trei, kisha akaniita.

"Yule mwanangu," alisema, "wamempeleka kumpikia nani?"

Sikuelewa swali. Akalirudia kwa upole, kama anayemwelewesha mtoto. Mama Furaha alichukuliwa na gari, akapelekwa kumpikia yeye. Sasa mwanawe naye amechukuliwa na gari. Kwa hiyo anapika wapi? Na huko wanajua kwamba hajui kupika?

Mama Furaha aliniuliza bibi anasema nini. Nilimtafsiria swali kama lilivyo. Aliweka chini kifimbo chake. Alimtazama yule bibi, mama wa mtu aliyemfungia ndani ya geti.

"Mwambie hatujue," alisema. "Mwambie akipita hapa, atakuta chakula."

Nilimwambia. Dede aliridhika. Alichagua pai moja kwenye trei, ya dodo na karanga, akaikabidhi mikononi mwa Mama Furaha, akamwonyesha rafu ya juu, aiweke pale mwanawe akipita. Kisha baba akampandisha kwenye lori, na mpaka linakata kona alikuwa akizungumza na abiria wa jirani yake.

Pai ile ilikaa kwenye rafu kutwa. Kesho yake ilikuwa imekauka. Mama Furaha aliishusha, akaimega akala kipande, kingine akanipa mimi na kingine Mzee Kasule. Ilikuwa ngumu. Halafu akachukua unga, akasukuma moja mpya, akabana kingo kwa kidole gumba, akaioka pamoja na za wateja na kuiweka pale pale juu. Alifanya hivyo kila asubuhi tulipokuwa na unga. Sikumwuliza kama anangoja, au anamtunzia Dede ahadi, au anafanya nini. Nilikwenda reli, nikaleta majani.